Viti vya Mbele Havikaliwi

Hotuba niliyoitoa Bagamoyo mbele ya vijana wa sanaa za maonyesho

Wazee wangu mlioketi hapa mbele, shikamooni. Walimu, wasanii wenzangu, na ninyi vijana mliojikunja kwenye mikeka kule nyuma, habari za jioni.

Mwalimu aliyenialika aliniambia kwamba vijana wake wamevunjika moyo. Wanafanya mazoezi miezi mitatu, na siku ya onyesho wanakuja watu kumi na wawili, nusu yao ndugu wa waigizaji. Akaniomba nije na neno la kuwatia nguvu. Neno la namna hiyo sina. Nina jioni moja niliyoiona Singapore, na toka siku ile sijapanda jukwaani bila kuikumbuka. Hiyo ndiyo nitakayowasimulia.

Nilikuwa kule kwa mafunzo ya mwezi mmoja ya uigizaji. Ilikuwa Agosti. Jioni moja nikatoka peke yangu kutafuta chakula mtaa wa Geylang, mahali ambapo watu hula nje, meza zimepangwa hadi kando ya barabara, na harufu ya duriani inakufikia kabla hujauona mkokoteni. Natembea, nasikia upatu. Mpigo mmoja, kimya, halafu mitatu ya haraka, na matuazi yakaingia juu yake. Kisha zumari. Mimi ni mtu wa pwani. Zumari ikilia popote lazima nigeuke. Nikaiacha barabara kubwa nikaifuata sauti.

Nikatokea kwenye uwanja mdogo mbele ya hekalu. Upande mmoja lilikuwa limejengwa jukwaa la mbao juu ya vyuma, urefu wa kwenda juu kama kifua changu, limeezekwa turubai, na nyuma limetundikwa pazia lililochorwa jumba la kifalme. Lilikuwa limeelekezwa hekaluni, mlangoni kabisa, ili mungu aliyemo ndani aone. Kati ya jukwaa na hekalu vilipangwa viti vyekundu vya plastiki, labda sitini. Safu ya mbele yote ilikuwa wazi. Nikafurahi, nikaenda nikakaa katikati.

Sijamaliza hata kuegemea, bibi mmoja akanigusa bega kwa nyuma. Akanionyesha kwa kidole nihame, akasema kwa Kiingereza cha mkato kwamba pale pana wenyewe. Nikatazama kushoto na kulia, sikumwona mtu. Akarudia: pana wenyewe. Nikahama safu ya tatu, nikakaa kando yake na mjukuu wake, kijana wa umri wenu.

Kijana ndiye aliyenieleza. Ulikuwa mwezi wa saba kwa kalenda ya Wachina, ile inayofuata mwezi wa angani. Katika mwezi huo, kwa imani yao, malango ya kuzimu hufunguliwa na mizimu hutoka kutembea duniani. Wenye watoto na wajukuu hurudi majumbani mwao wakatambikiwa. Lakini wako waliokufa bila kuacha mtu, waliozama baharini, waliokufa ugenini wasijulikane hata jina. Hao wana njaa, na hawana wa kuwalisha. Basi mtaa mzima huchanga. Huwapikia wali, huwawekea matunda, huwachomea vijiti vya udi na pesa za karatasi. Na kwa kuwa mgeni halishwi tu akaachwa, humletea na burudani. Opera ile, yaani igizo la kuimbwa lililoandaliwa jukwaani, ilikuwa yao. Viti vya mbele vilikuwa vyao.

Nikahesabu. Walio hai kwenye viti tulikuwa kumi na wanne. Jukwaani na pembeni mwake, pamoja na wapiga ala, nilihesabu watu wasiopungua kumi na wanane. Waigizaji walituzidi watazamaji. Nikajiambia, leo watacheza nusu nusu waondoke. Hivyo ndivyo ningefanya mimi, na nitawaambia baadaye kwamba ndivyo nilivyokwisha kufanya.

Hawakupunguza kitu.

Opera hii, Singapore watu wengi huiita wayang, neno la Kimalay la maonyesho ya jukwaani. Wachina walikuja nayo pale bandarini kutoka kusini mwa China pamoja na miungu yao na vyungu vyao, na kila kabila lilikuja na ya kwake: Wahokkien kutoka jimbo la Fujian, Wateochew, Wakanton, Wahainan, kila mmoja kwa lugha yake na namna yake ya kuimba. Mji ulijaa opera hata barabara ikaitwa Wayang Street. Leo inaitwa Eu Tong Sen Street. Hatua chache kutoka hapo, Smith Street, mwaka 1887 ulijengwa ukumbi wa ghorofa tatu uitwao Lai Chun Yuen, na mtaa wenyewe Wakanton wakauita mtaa wa ukumbi wa michezo. Jengo lipo mpaka leo. Michezo haipo tena.

Ila opera ya mtaani haikuwahi kutegemea kumbi, kwa sababu ina mwenye kuilipia. Hekalu, chama cha ukoo, wenye maduka wa mtaa mmoja, wote wana kamati, na mkuu wake hawampigii kura. Hurusha chini vipande viwili vya mbao mbele ya mungu, na namna vinavyoanguka ndiyo jibu. Kwenye karamu ya mwezi ule hufanyika mnada. Mojawapo ya vitu vinavyogombewa sana ni mkaa, ndugu zangu. Mkaa kama huu wa kupikia, umepambwa kwa karatasi nyekundu na ya dhahabu, unaitwa dhahabu nyeusi, na wafanyabiashara huupandishia bei mpaka maelfu ya dola kwa kuamini kwamba utawaletea heri. Fedha ile ndiyo italeta wayang mwakani. Mtazamaji hatoi hata senti. Hakuna tiketi wala mlango.

Kabla ya hadithi ya usiku kuanza huwa kuna sehemu fupi ya ibada, nayo haimhusu binadamu hata kidogo. Wanatokea wale Wanane wasiokufa wa hadithi za Kichina kumtakia mungu heri. Halafu waigizaji wanashuka jukwaani na mavazi yao, wamebeba mwanasesere wa mbao, wanapita katikati yetu hadi madhabahuni kumkabidhi mungu mtoto, na kurudi. Nyuma ya jukwaa kundi lina madhabahu yake dogo ya mlinzi wa waigizaji. Nilichungulia pembeni mwa turubai nikaona kila anayetaka kupanda anasimama pale kwanza, mikono kifuani, akainama.

Kisha ikaja hadithi. Waigizaji mlio hapa mtaijua mkiisikia, kwa kuwa kila kijiji kina yake. Kijana maskini aitwaye Chen Shimei anamwacha mkewe na watoto wawili kijijini, anakwenda mji mkuu kufanya mtihani wa serikali. Anakuwa wa kwanza katika nchi nzima. Mfalme anampenda, anataka kumwoza binti wa kifalme. Anaulizwa: una mke? Anajibu: sina. Kijijini ukame unaingia, wazee wanakufa. Mke, Qin Xianglian, anawashika watoto mkono anakwenda mjini kwa miguu. Anamfikia mumewe, naye anasema simjui mwanamke huyu. Halafu anamtuma askari akamuue, yeye na watoto.

Nataka niwaonyeshe alivyoingia yule mama. Simama pale, mwanangu, shika upande ule. Safari ya mji mkuu ni ya miezi. Jukwaa lina hatua nane. Alilizunguka mara tatu, basi, kwa hatua ndogo ndogo, kisigino kikigusa kidole, na kila mzunguko mgongo ukashuka kidogo. Mzunguko wa kwanza watoto wanatembea kando yake. Wa pili anamvuta mmoja. Wa tatu anawavuta wote wawili. Mavazi yao yana mikono yenye vipande virefu vya hariri nyeupe vinavyozidi vidole, na waigizaji huviita mikono ya maji. Ukivirusha juu ni hasira, ukivikunja taratibu ni haya, ukificha uso ni kilio. Yeye alivirusha mara moja tu usiku mzima, pale mumewe aliposema simjui. Vikapaa juu ya kichwa chake kama moshi, vikashuka, naye akawa amekwisha kupiga magoti.

Nilikuwa sielewi neno, na machozi yalinitoka.

Jukwaa lenyewe halikuwa na kitu zaidi ya meza moja na viti viwili. Meza ile ilikuwa mahakama, ikawa kitanda cha nyumba ya wageni, ikawa kilima. Fimbo fupi yenye shada za nyuzi ni farasi. Ukiipokea umepanda, ukiitoa umeshuka. Kasia ni mashua na mto wake. Bendera mbili zilizochorwa magurudumu ni gari, na anayesukumwa hutembea kati yake. Vyuo vingi vya maigizo duniani hufundisha Brecht, yule Mjerumani mwandishi wa tamthilia, nanyi hapa nadhani mnamsoma. Basi Brecht alimwona Mei Lanfang, mwigizaji mkubwa wa opera ya Beijing, jijini Moscow mwaka 1935, akatoka pale akaandika juu ya mwigizaji asiyejifanya kwamba hatazamwi, na sehemu kubwa ya mafundisho yake ilipata mwanga pale. Nasikia fahari kuwaambia kwamba hicho tulichokipokea kutoka Ulaya kama kitu kipya, bibi yule wa Geylang alikuwa akikitazama tangu utotoni, bure, nje, na karanga mkononi.

Nyuso nazo husema kabla mtu hajafungua mdomo. Nyekundu ni uaminifu, ndiyo ya shujaa Guan Yu. Nyeupe ya chokaa ni hila, ndiyo ya mbabe wa vita Cao Cao. Na kule mwisho, upatu ulipopigwa mpaka mbao zikatetemeka, akatoka mtu mwenye uso mweusi tii na mwezi mwandamo mweupe katikati ya paji. Hata mimi nikajua huyu ni hakimu. Ni Bao Zheng, mtu aliyeishi kweli, 999 hadi 1062, na watu wamemsimulia mpaka akawa mkubwa kuliko maisha yake. Husemwa kwamba mchana huwahukumu walio hai, usiku huwahukumu wafu. Binti wa mfalme anakuja kumtetea mumewe. Mama mfalme anakuja. Hakimu anajua kwamba akikata shauri hili kwa haki atapoteza cheo. Anavua kofia yake ya kazi, anaishika mikononi, anaiweka mezani. Halafu anatoa hukumu ya kifo.

Wakati ule nilivitazama viti vya mbele. Jamani, fikirini. Mnamwigiza hakimu wa wafu, mbele ya wafu wasio na mtu wa kuwadai haki yao. Mwigizaji alipoivua kofia hakututazama sisi kumi na wanne. Alivitazama viti vile kimoja kimoja kutoka kushoto hadi kulia, bila haraka, kama mtu anayewahesabu waliofika. Mimi siamini mizimu ya Geylang. Dini yangu inanifundisha mengine. Lakini sikuweza kuuita utupu ule utupu.

Kesho yake, saa kumi na moja jioni, nikarudi. Sikuwa nimepanga. Nikalikuta kundi limekaa chini nyuma ya jukwaa, wengine wanakula tambi, wengine wanajipaka podari, na mzee mmoja anazungumza nao. Kijana alinitafsiria: huyo ndiye mwalimu wa mchezo, anawapa hadithi ya leo. Nikauliza, kitabu cha maneno kiko wapi? Hakuna. Makundi mengi ya Kihokkien yamecheza hivyo miaka na miaka. Mwalimu anawaambia nani ni nani, nani anaingia lini, ugomvi ni upi, unaishaje, na maneno kila mtu anayatoa kichwani mwake akiwa jukwaani, kwa mashairi yenye vina, juu ya nyimbo wanazozijua wote. Taiwan, ambako aina hiyo ya opera ilikulia, huita mchezo wa namna hiyo mchezo hai. Mpiga ngoma ndiye anayewaongoza: anaangalia kidole cha mwigizaji, pembe ya jicho lake, na kwa kipigo kimoja ala zote zinajua ni wimbo upi. Ninyi mnaopenda kubuni papo kwa papo, mnajua ugumu wake kwa dakika tano. Wale wanakwenda saa tatu, kwa vina.

Sitaki mdhani kwamba kila kitu pale ni kizuri. Zamani, hasa kwa Wateochew, makundi yalinunua watoto. Mzazi maskini alimtoa mwanawe kwa mkataba wa miaka saba na zaidi, na mtoto alifundishwa kwa fimbo. Sauti ikivunjika kwa kubaleghe, kazi imekwisha. Wako mabingwa waliotokea kwenye mateso yale, na mimi siwezi kuutaja ubingwa wao bila kuyataja.

Na kuna jeraha jingine, hili la juzi. Mwaka 1979 serikali ya Singapore ilianzisha kampeni ya kuwataka Wachina wote wazungumze Kimandarini, waache lugha za makabila yao. Redio na televisheni zikaziondoa lugha zile mwanzoni mwa miaka ya 1980. Palikuwa na mtambaji mmoja, Lee Dai Sor, aliyesimulia hadithi kwa Kikanton kwenye redio ya Rediffusion, na mji mzima ulikuwa ukimsikiliza, naye akanyamaza. Naielewa hoja ya serikali. Nchi changa, watu wanaotoka pande mbalimbali, wanataka waelewane. Sisi tuliokuzwa na Kiswahili hatuwezi kuicheka hoja hiyo. Lakini nilikaa kati ya bibi na mjukuu, nikaona gharama yake kwa macho yangu. Kando ya jukwaa palikuwa na skrini inayoonyesha maneno kwa maandishi. Mchekeshaji akitoa neno, bibi anacheka hapo hapo. Mjukuu anatazama skrini, anasoma, anamaliza, ndipo anacheka. Kicheko kimoja kimekatika vipande viwili. Ilikuwa hivyo usiku wote, na wote wawili walikuwa wamezoea.

Waigizaji pia wamepungua. Kundi lile lilikuwa na watu kutoka Singapore yenyewe, na wengine wamekuja kutoka Malaysia na Fujian. Tangu miaka ya 1970 mwezi wa saba umechukuliwa na majukwaa ya nyimbo, getai, yenye taa kali na waimbaji wenye mavazi ya kumetameta. Watu wanajaa huko. Huko nako safu ya mbele huachwa wazi.

Sasa lile deni langu. Miaka ya nyuma tulikuwa na mchezo katika mji ambao sitautaja. Tuliuandaa kwa miezi, tukafika, wakaja watu tisa. Mimi ndiye niliyekuwa kiongozi wa kundi. Nikawaita wenzangu nyuma ya pazia nikawaambia: tuukate, tucheze sehemu ya kwanza na ya mwisho, tulale mapema. Wakanitii. Tulipomaliza, mzee mmoja akanifuata. Alikuwa amekuja kwa baiskeli kutoka mbali. Akaniuliza kwa adabu: mwanangu, yule binti aliyepotea katikati, alipatikana wapi? Sehemu ile ndiyo niliyoikata. Nikamsimulia kwa maneno, tumesimama kwenye giza. Akashukuru, akapanda baiskeli yake. Nimelibeba jambo hilo muda mrefu, na pale Geylang, mwigizaji alipovitazama viti kimoja kimoja, nilimwona mzee yule amekaa kwenye kimojawapo.

Usiku wa pili mvua ilinyesha. Mvua ya Singapore haitoi taarifa. Bibi na mjukuu wakakimbilia hekaluni, na mimi nikaenda nao, na wengine wakaondoka kabisa. Viti vyote vikabaki vinalowa, vya mbele na vya nyuma, sasa havina tofauti. Jukwaani hakuna aliyetazama juu. Malkia alikuwa anaaga mwanawe anayekwenda vitani. Aliimba mpaka mwisho wa wimbo, maji yakimwagika kama pazia kwenye ukingo wa turubai mbele ya uso wake, na mpiga ngoma hakuharakisha hata kipigo kimoja. Saa nne na nusu, muda ambao kelele lazima zikome, wakainama mbele ya hekalu, wakaanza kufuta nyuso zao kwa mafuta.

Nilimwendea mzee mmoja wa ala nikamwomba nikione chombo chake. Kijana akatafsiri. Akanipa nikishike, akacheka nilivyoshangaa. Hiki hapa si chake, nilikinunua mjini kabla ya kuondoka, lakini ni cha aina ile ile. Kipokee, binti, kipitishe kwa wenzako. Shikeni tumbo lake. Ndiyo, ni kifuu. Kifuu cha nazi, kama hivi tunavyovitupa jikoni kila siku hapa Bagamoyo, kimezibwa kwa ubao mwembamba, kimetiwa shingo na nyuzi mbili. Upinde hauwekwi juu ya nyuzi kama fidla. Umepita katikati yake, hauwezi kutoka. Na ile zumari iliyonivuta barabarani wao huiita suona, jina lililosafiri kutoka Uajemi, na mdomoni ina mwanzi kama ya Lamu.

Mzee wangu pale mbele, naomba kirudi kwangu. Mimi si fundi wa kupiga, najua wimbo mmoja tu, ule wa mama anapozunguka jukwaa mara tatu. Zimeni hiyo feni kidogo. Na ninyi mliosimama mlangoni, ingieni, lakini hiki kiti kimoja hapa mbele nakuombeni mkiache.